Maswali ya wasomaji: mhusika mmoja, faili kumi na mbili

Barua za safari hii zimetoka kusini, Mtwara na Lindi, na ukizisoma pamoja utaona wote wanauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: kitu kilichochorwa mara moja kitumikeje kwenye faili nyingi za katuni bila kuharibika njiani. Wengi wanatumia Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D, kwa hiyo ndiyo iliyopata nafasi kubwa. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, msije mkahangaika kuyatafuta.

Wahariri, habari za kazi. Tuko vijana wanne hapa Mikindani, tunatengeneza katuni fupi kuhusu msimu wa korosho. Mhusika mkuu ni mzee mwenye shamba. Kila kipindi kina faili yake, sasa zimefika 12, na kila faili tulimwingiza mzee kwa Append. Juzi tulimbadilishia kofia, ikabidi tufungue faili moja moja. Ya saba tukaisahau, sasa mzee ana kofia mbili kwenye hadithi moja. Hakuna njia fupi?

Nzuri, ndugu zetu, na poleni na kofia. Njia ipo, na kosa si usahaulifu wenu. Append hutoa nakala. Mzee akishaingia kipindi cha kwanza hana tena uhusiano na faili alikotoka, kama mche uliong'olewa kitaluni ukapandwa shamba la jirani: ukimwagilia kitalu, ule mche haupati kitu. Link ni kinyume chake. Kipindi hakimbebi mzee, kinabeba anwani yake tu, na kila kinapofunguliwa kinakwenda kumchukua upya kwenye faili mama.

Anzeni na folda kabla ya kugusa Blender. Tengenezeni folda moja ya kazi nzima, ndani yake folda nne: wahusika, vifaa, teksicha, vipindi. Mzee akae kwenye wahusika kama mzee.blend, peke yake, bila kamera, bila taa, bila shamba. Ndani ya faili hiyo, kiunzi cha mifupa, mwili, nguo na kofia vyote viingie kwenye Collection moja, mpeni jina kama MH_mzee. Hifadhini.

Sasa fungueni kipindi kipya na mkihifadhi kwanza ndani ya folda ya vipindi. Hatua hii watu huiruka: faili ambayo haijahifadhiwa haijui iko wapi, kwa hiyo haiwezi kuandika anwani fupi ya kutoka ilipo. Kisha File, Link, bonyezeni mzee.blend. Itafunguka kama folda. Ingieni Collection, chagueni MH_mzee, na kwenye chaguo za pembeni hakikisheni Relative Path ina tiki. Mzee atatokea, lakini ukimshika utaona anasogea mzima mzima kama sanamu. Mifupa haigusiki kwa sababu mwenyewe yuko faili nyingine. Akiwa amechaguliwa, nendeni Object, Library Override, Make. Hapo kiunzi kinafunguka kwa Pose Mode na mnaweza kumtembeza, huku umbo, nguo na rangi vikiendelea kutoka faili mama. Kubadilisha umbo lenyewe kwa Edit Mode ndani ya kipindi hakuruhusiwi, na ndivyo inavyotakiwa.

Kofia ikibadilishwa kwenye mzee.blend na kuhifadhiwa, vipindi vyote vitaiona vitakapofunguliwa tena. Kama kipindi kiko wazi wakati huo, kwenye Outliner (dirisha la orodha ya vitu vyote) badilisheni mwonekano uwe Blender File, tafuteni mzee.blend kwenye orodha ya maktaba, bonyezeni kitufe cha kulia cha mausi, Reload.

Vile vipindi 12 vya zamani msivitupe. Mwendo wa mzee umehifadhiwa kwenye Action, na Action haijali mzee ni nakala au ameunganishwa; inachotafuta ni majina ya mifupa. Kwa hiyo, faili moja baada ya nyingine: fungueni Action Editor, bonyezeni alama ya ngao pembeni ya jina la Action ili isifutwe kwa kukosa mtumiaji, mleteni mzee mpya kwa Link, mfanyieni Override, chagueni kiunzi chake kipya na mpachikeni ile Action ya zamani. Kwenye Blender 4.4 na kuendelea Action ina vyumba vinavyoitwa Slot; mzee akigoma kutembea baada ya kupachikwa, angalieni kwanza kama Slot imechaguliwa. Akitembea sawasawa, futeni yule wa zamani, kisha File, Clean Up, Purge Unused Data, vinginevyo mabaki yake yataendelea kuinenepesha faili.

Sasa yanayoharibu. Blender inaunganisha kwa kutazama vitu vitatu: faili iko wapi, kitu ni cha aina gani, na kinaitwaje. Mmoja wenu akiamka asubuhi akabadilisha MH_mzee kuwa MH_babu kwa sababu linasikika vizuri zaidi, vipindi 12 vinampoteza mzee kwa pamoja. Mifupa ni hivyo hivyo. Mwendo wa mkono umeandikwa ndani kwa jina, mfano pose.bones["mkono.L"], na ukiuita mfupa huo mkono_kushoto, mkono unabaki umening'inia wakati mwili mwingine unatembea. Na hizo herufi za mwisho, .L kwa kushoto na .R kwa kulia, ziacheni kama zilivyo hata kama majina mengine yote ni ya Kiswahili. Blender inazitumia kutambua upande wa pili inapogeuza mkao, ukiandika .kushoto na .kulia haikuelewi.

Mko wanne, basi mwekeni mtu mmoja wa kuhifadhi mzee.blend, wengine waifungue kutazama tu. Wote tumieni toleo moja la Blender, afadhali la LTS, yaani la kutunzwa muda mrefu, ambalo hupata marekebisho kwa miaka 2. Faili mama ikihifadhiwa kwenye toleo jipya, mwenye toleo la zamani anaweza kushindwa kuifungua au kuikuta imepungua. Ikiharibika kabisa, pembeni yake kuna mzee.blend1, ambayo ni hali ya kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho. Ondoeni ile 1 ya mwisho kwenye nakala yake, ifungueni.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi hapa Lindi mjini. Nimetengeneza dinosa wa Tendaguru kwa ajili ya video ya darasani. Kwenye kompyuta yangu ana ngozi nzuri, nikimpelekea mwenzangu kwa flashi anatokea wa rangi ya waridi kali mwili mzima. Halafu nikimwingiza kwenye faili ya bonde anakuwa mdogo kuliko mkorosho.

Marahaba. Rangi ya waridi ni lugha ya Blender ya kusema "picha ya ngozi siioni". Faili ya .blend kwa kawaida haibebi picha za teksicha, inaandika tu zilipo. Kama imeandika D:\Kazi\teksicha\ngozi.png, na mwenzako hana D: yenye folda hiyo, basi ndiyo hiyo waridi.

Kwenye kompyuta yako fungua File, External Data, Make Paths Relative, uhifadhi. Anwani itageuka na kuanza na mikwaju miwili, //, maana yake "anzia ilipo faili hii". Kisha nakili folda nzima kwenye flashi, si .blend peke yake. Amri hii haifanyi kazi kama faili iko C: na picha ziko kwenye flashi E:, kwa sababu hakuna njia fupi ya kutoka diski moja kwenda nyingine kwenye Windows, weka vyote diski moja kwanza. Ukitaka kutuma faili moja tu, tumia Pack Resources kwenye menyu hiyo hiyo, picha zitaingia ndani ya .blend. Faili itakuwa kubwa, na kama ina vitu ulivyoleta kwa Link, hivyo havimo kwenye pakiti hiyo.

Mwenzako ambaye tayari ameipokea ajaribu Find Missing Files, aionyeshe folda ya picha. Na picha msitumiane kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa na kupungua ukubwa. Tumeni kama dokumenti.

Udogo wa dinosa ni suala la vipimo. Blender inahesabu kwa mita. Mifupa iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin imesimamishwa kwenye makumbusho ya huko, Museum für Naturkunde, na yule mkubwa, Giraffatitan, ana kimo cha mita 13.27. Bonyeza N utazame Dimensions za wako. Ikiwa Z ni 2.1, usiandike 13.27 pale juu, atarefuka kwenda juu tu awe kama mnazi. Gawanya 13.27 kwa 2.1, upate 6.319, bonyeza S, andika 6.319, Enter. Baada ya hapo Ctrl+A, Scale, ili kipimo kisomeke 1. Kama ana kiunzi, fanya hivyo kwa kiunzi na mwili pamoja, na ufanye kabla ya kumtembeza, kwa sababu alama za mwendo zilizokwisha kuwekwa hazikui pamoja naye: miguu itapiga hatua fupi fupi za mnyama wa mita mbili. Na yote haya yafanyike faili mama, si kwenye faili ya bonde.

Halafu mkorosho uutoe. Yule mnyama aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Mkorosho Wareno waliuleta kutoka Brazili.

Laptop yangu ina RAM ya GB 4. Nataka ngalawa 30 kwenye ghuba ya Mtwara, zikifika kumi inaganda. Nimeambiwa nikitumia Link badala ya Append RAM itapungua. Kweli?

Si kweli. Link inaokoa nafasi ya diski. Faili ikishafunguka, kila kilichounganishwa kinapanda kwenye RAM kama kingine chochote.

Kinachokumaliza, tunahisi, ni Shift+D. Kila ukibonyeza, unazalisha ngalawa yenye meshi yake kamili, yaani umbo lote la nukta na nyuso. Tumia Alt+D: ngalawa zinakuwa 30 lakini meshi ni moja. Utajua umefanikiwa ukitazama jina la meshi kwenye kichupo cha Object Data, pembeni yake kutakuwa na namba 30. Kwa zile ulizokwisha kutengeneza, zichague zote, ya mwisho kubonyezwa iwe ile unayoitaka, kisha Ctrl+L, Link Object Data.

Utauliza, sasa zote zitakuwa rangi moja? Hapana. Kwenye kichupo cha Material kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa Data. Kibadilishe kiwe Object, na ngalawa hiyo itashika rangi yake bila kugusa nyingine.

Angalia pia modifaya, yaani amri zinazobadilisha umbo bila kuligusa lenyewe. Hizo ni za kila kitu kivyake, kwa hiyo Subdivision (ya kulainisha umbo) ya ngazi 2, ambayo inazidisha nyuso mara 16, inahesabiwa upya kwa ngalawa zote 30 hata kama meshi ni moja. Dawa ni kuiweka ngalawa kwenye Collection yake na kuipanda kwa Add, Collection Instance. Teksicha nayo ipunguze. Picha ya 4096 kwa 4096 inakula takriban MB 64 za RAM hata kama PNG yake kwenye diski ni MB 8. Ya 2048 inakula MB 16, na ngalawa iliyo mbali majini hakuna atakayeona tofauti.

Nipo Newala. Nimetengeneza vinyago 20 na kuviwekea alama ya Mark as Asset. Kwenye faili hiyo naviona, nikifungua faili nyingine Asset Browser, dirisha la kuchagulia vitu vya kutumia tena, ni tupu.

Asset Browser, iliyokuja na Blender 3.0, haitafuti kompyuta nzima. Inatazama folda ulizoitajia tu. Nenda Edit, Preferences, File Paths, kwenye Asset Libraries bonyeza alama ya kujumlisha, chagua folda yenye faili ya vinyago, ipe jina. Rudi kwenye faili ya vinyago uihifadhi. Alama ulizoweka hazionekani nje mpaka faili ihifadhiwe, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kisha, ukiwa kwenye faili nyingine, juu ya Asset Browser chagua jina la maktaba yako badala ya Current File.

Hapo hapo juu kuna chaguo la jinsi kitu kinavyoingia. Link ni kwa kinyago ambacho bado unakichonga, maana kitafuata mabadiliko. Append ya kawaida inaleta nakala mpya kila ukiburuta: rangi ya mpingo, halafu mpingo.001, mpingo.002, na siku ukitaka kuufanya mpingo uwe mweusi zaidi unabadilisha mara tatu. Append (Reuse Data) inaleta mara ya kwanza tu, zinazofuata zinatumia ile ile. Tungekushauri hiyo kwa rangi na vifaa vidogo. Kama tayari umejaa .001, fungua Outliner kwenye mwonekano wa Blender File, bonyeza kulia kwenye mpingo.001, tafuta Remap Users, uelekeze kwenye mpingo.

Ukipanga vinyago kwa makundi, Blender inaandika faili ndogo iitwayo blender_assets.cats.txt ndani ya folda ya maktaba. Ukihamishia maktaba kompyuta nyingine bila faili hiyo, vinyago vitafika lakini mpangilio utapotea.

Natumia Adobe Animate, niko Masasi. Nilikuwa na faili mbili za .fla. Nikaburuta simboli (mchoro uliohifadhiwa kwenye maktaba ya faili) iitwayo "mkono" kutoka ya pili kuja ya kwanza, ikaniuliza swali, nikabonyeza OK bila kusoma. Mikono ya mhusika wangu yote ikabadilika, na Ctrl+Z haikurudisha!

Pole sana, dada au kaka. Swali lile ni la mgongano wa maktaba, na linakuja pale majina yanapofanana. Don't replace existing items inaacha cha kwako kama kilivyo. Replace existing items inakifuta na kuweka kinachoingia, popote kilipotumika kwenye faili nzima. Ulichagua ya pili, na kubadilisha kitu cha maktaba kwa njia hiyo hakurudishwi kwa Ctrl+Z. Kama hujahifadhi, funga faili bila kuhifadhi. Kama umehifadhi na huna nakala, mkono wa zamani umekwenda.

Kwa mbeleni, jina la simboli libebe jina la mwenyewe: asha_mkono_K, babu_mkono_K. "mkono" tupu, "Symbol 1" na "jicho" ndiyo majina yanayogongana kila siku. Ukitaka kuazima kitu bila kufungua faili nzima, tumia File, Import, Open External Library. Maktaba ya faili ile itafunguka peke yake na utaburuta unachotaka.

Ukitaka simboli ifuate chanzo chake, kama Link ya Blender, chagua simboli kwenye Library, fungua Properties zake, panua Advanced, kwenye sehemu ya chanzo chagua faili ya .fla mama na simboli yenyewe, kisha weka tiki kwenye Always update before publishing. Faili mama ikihamishwa folda, inabidi uielekeze upya. Hapo utaona pia sehemu ya Runtime sharing. Iache. Ilitengenezwa kwa faili za SWF zinazovutana vitu zikiwa zinachezwa, na Flash Player yenyewe ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2020.

Natumia OpenToonz, programu ya katuni za kuchora: mchoro mmoja wa mama mwenye kitenge nautumia kwenye sini tano. Nikibadilisha rangi ya kitenge sini moja, zote zinabadilika. Nifanyeje ibadilike moja tu?

Unalalamikia kile ambacho wenzako hapo juu wanakitafuta. Sini ya OpenToonz, yaani .tnz, haina michoro ndani, inaita tu faili za michoro za .tlv, na rangi zake ziko kwenye faili ya .tpl yenye jina lile lile. Sini tano zinaita faili moja. Kwa ile sini ya tofauti, hifadhi mchoro kwa jina jipya kwa Save Level As, mfano mama_kitenge_usiku, kisha badilisha rangi humo. Ukinakili kwa mkono nje ya programu, chukua .tlv na .tpl pamoja, ukiacha .tpl nyuma, mama atafika na mistari yake lakini rangi zake hazimo.